Joto Lisilo la Malaria

Wadogo zangu wa materinite, wodi yetu ya kuzalishia, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla sijawaachia funguo. Habari za vyeo sitaandika. Za mishahara ndiyo kabisa, maana karatasi ingebaki nyeupe. Nitaandika juu ya wanawake waliokuja kwetu wakiungua bila homa, na juu ya swali ambalo nilichelewa sana kujifunza kuliuliza: mama anayetumia dawa ya homoni, tutajuaje kama inamsaidia?

Nilizaliwa Lusangi, katika nyumba ya wakulima wa mpunga na karanga, nikasomea uuguzi Kasongo. Kazi yangu ya kwanza nilipewa Kabambare. Nilisafiri juu ya lori la mpunga. Lilikwama kwenye matope kabla ya kufika, kwa hiyo kipande cha mwisho nilitembea kwa miguu, viatu mkononi na sanduku kichwani. Kwenye mlango wa materinite alisimama mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye tope la miguu.

"Wewe ndiye mupya?"

"Ndiyo, Mama."

"Nawa. Kulia utalia kesho, leo iko kazi."

Huyo alikuwa Mama Asina, mkunga mkuu wa pale. Kila nilichofanya vizuri kwa mikono yangu katika maisha haya, alinifundisha yeye. Alinipa pembe ya mti ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akaniambia niipashe moto kwanza katikati ya viganja, kwa sababu mwanamke mwenye uchungu hana haja ya kuongezewa baridi. Alinifundisha kumtazama mama usoni kabla ya kumtazama tumboni. Alinifundisha pia kuchemsha vyombo kwa kuni mbichi, jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote, na ambalo nawaombea msilihitaji kamwe.

Miaka ilipokwenda nikaanza kuona kitu kimempata. Katikati ya kuzalisha alikuwa ananiachia mama mikononi na kutoka nje haraka. Nikichungulia, namkuta amesimama kwenye upepo, shingo imelowa, kitambaa cha kichwa amekivua, anajipepea kwa kipande cha karatoni. Baadaye anarudi, ananawa, anaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea.

"Malaria imenirudilia," alikuwa akisema.

Tulimpima joto. Kipimajoto kilisema hana homa, basi tukakilaumu kipimajoto. Tulimpa dawa ya malaria, na ilipoonekana kuwa haikutosha tukampa nyingine, kwinini, mpaka masikio yake yakawa yanalia na ikawa lazima tuseme naye kwa sauti kubwa. Joto liliendelea kumpanda. Usingizi ukamkimbia. Yeye ambaye hakuwahi kumpigia kelele mwanamke yeyote kwenye kitanda cha kuzalia, akaanza kuwafokea, kisha anakwenda nyuma ya nyumba kulia. Watu wakasema karogwa na mke mwenza. Dokta aliyekuwa akipita huko mara chache alisema ni uchovu, na kwa ujuzi tuliokuwa nao siku zile sote tulikubali.

Asubuhi moja alinikabidhi ile pembe mbele ya wagonjwa.

"Feza, mwanangu, miye naenda shambani."

"Mutarudi lini, Mama?"

"Mutu aliyekuwa anafanya kazi hapa hayuko tena. Huyu aliyebaki, miye simujui."

Alikwenda kweli. Nilikuwa namtembelea shambani kwake na kumkuta akipalilia mihogo, tunakula pamoja sombe ya majani yake, ananiuliza habari za akina mama mmoja mmoja kwa majina. Baada ya miaka michache joto lilimwacha lenyewe, na usingizi ukarudi, lakini hakurudi materinite. Alisema mikono yake imezoea jembe. Nilipohamishiwa hospitali ya Kasongo alinisindikiza mpaka barabarani, na hatukuonana tena. Alifariki wakati barabara ilikuwa haipitiki, nikapata habari baada ya watu kuanua matanga.

Hapo Kasongo ndipo nilipojifunza jina la ugonjwa wake, ambao hata si ugonjwa. Alikuja dokta mwanamke kutoka Bukavu, Dokta Esta, mfupi, mwenye miwani, mtu wa kucheka kwa tumbo. Tulikuwa karibu umri mmoja. Siku moja tulikuwa tukiangalia wagonjwa pamoja, mara akasimama, akafungua dirisha, akafungua na kifungo cha juu cha koti lake, uso ukiwa unametameta kwa jasho.

Nikamwambia, "Dokta, nikuletee dawa ya malaria?"

Akanitazama, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Yaya Feza, dada yangu, hii haiko malaria. Hii ni ovari zangu zinaaga." Akainua kidogo upande wa bulauzi yake, akanionyesha kiraka chembamba, chenye kung'aa, kimebandikwa kiunoni. "Na hii ni dawa yake. Nimeianza juzi tu, ndiyo maana bado unaniona nalowa."

Mchana ule, baada ya wagonjwa kwisha, alinieleza yote tukinywa chai ya rangi. Kwamba hedhi haikomi siku moja kama mvua inavyokata. Kwamba kabla ya kukoma inapita miaka ambapo homoni za mwanamke zinapanda na kushuka bila utaratibu, na katika kupanda na kushuka huko ndimo mnamotoka joto, kukosa usingizi, hasira, kusahau na damu isiyojulikana itakuja lini. Kwamba si kila mwanamke anahitaji dawa, wala si kila mwanamke anaruhusiwa kuitumia. Lazima kwanza umuulize habari za matiti yake, za damu kuganda, za ini, na umpime tansio, yaani msukumo wa damu. Mimi nilikuwa nasikiliza, lakini mawazo yangu yalikuwa Kabambare, kwenye upepo, kwa mwanamke aliyevua kitambaa cha kichwa. Nilitaka nipande pikipiki niende nikamwambie, "Mama, hukuwa umepotea. Ulikuwa ni wewe tu, siku zote." Wa kumwambia hayuko. Hamu ile haijaniisha mpaka leo, na kwa kweli nimeacha kuingoja iishe.

Mgonjwa wetu wa kwanza wa sparadra, ndivyo wanawake walivyoviita vile viraka, alikuwa Mwalimu Zubeda. Alitoka katika familia moja ya zamani ya Kiislamu hapa mjini, alisomesha darasa la tano, na mumewe, Bwana Ramazani, aliuza vitambaa sokoni. Binti yao alikuwa Lubumbashi, na ndiye aliyeweza kuzipata dawa na kuzituma. Bila binti yule habari hii isingekuwepo. Nawaambia wazi, msije mkadhani dawa hizi zilikuwa zinajaa kwenye kabati letu.

Zubeda alikuja akiwa na nia ya kuacha kazi. Alikaa kitini, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Jana nimesahau jina la mutoto ambaye nilimusomesha na mama yake pia," alisema. "Halafu nikamupiga rula juu ya kitu kidogo. Miye sikuwahi kupiga watoto. Nataka muniandikie karatasi ya ugonjwa, niache kusomesha."

Dokta Esta hakuandika karatasi. Alimpima, alimuuliza maswali yote, halafu akasogeza kiti chake karibu.

"Mwalimu, tuseme dawa imefanya kazi. Utajua kwa alama gani? Unataka kurudishiwa kitu gani?"

Nadhani hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Mimi nilitegemea atasema joto, maana kitambaa chake kilikuwa kimelowa mgongoni.

"Joto ninaweza kulivumilia," alisema. "Nataka kulala. Na nataka kusomesha mpaka kengele ya mwisho bila kukasirikia watoto wa watu."

"Basi tutapima kwa hayo mawili," Dokta akasema. "Siyo kwa yangu. Kwa yako."

Mambo ya matumizi tulimweleza wote wawili. Kiraka abandike chini ya kiuno, mahali pakavu, pasipopakwa mafuta, kwa sababu katika jasho la hapa Kasongo kiraka kilichobandikwa juu ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za mawese, kinaishia kwenye shuka. Jioni ameze kidonge, kapsuli nyeupe. Na asidhani kwamba dawa inazuia mimba, kwa kuwa katika miaka ile mwanamke bado anaweza kushika, na niliwahi kuwapokea wajukuu na wajomba zao wakizaliwa katika juma moja.

Bwana Ramazani alikuja peke yake siku chache baadaye. Alikuwa mtu wa heshima, alivua kofia mlangoni.

"Dokta, kwa nini hamumupimi damu? Nikimupeleka Bukavu, si labo itasema kama homoni zimetosha?"

"Baba, kwa umri wa mama, homoni ni kama mto wetu wakati wa mvua. Ukipima maji leo utapata kipimo cha leo. Kesho yamepanda, kesho kutwa yameshuka. Karatasi ya labo haitakuambia kama bibi yako amelala vizuri. Wewe unalala naye, wewe utatuambia."

Alivaa kofia yake, akatoka akiwa ametahayari kidogo. Lakini baadaye akawa shahidi mzuri kuliko labo yoyote.

Baada ya wiki mbili Zubeda alirudi amekasirika. Hakuna kitu, alisema. Joto liko palepale, matiti yanauma, anataka kuacha. Dokta alimwambia kuuma kwa matiti mara nyingi hupungua, na kwamba dawa hii haihukumiwi kwa wiki mbili. Ipewe miezi mitatu ndipo tuseme imeshindwa, na hata hapo tutajaribu kwanza kubadilisha kipimo kabla ya kuitupa. Hayo nayarudia kwenu kwa sababu nimeona wanawake wengi wakiacha katikati, na wauguzi wengi wakiwaunga mkono.

Miezi ile mitatu ikapita. Aliporudi sikumtambua haraka. Alikuja saa ya jua kali, amevaa mikono mirefu, na hakuwa anajipepea.

"Nalala," alisema, akatabasamu kama msichana. "Bwana anasema nakoroma."

Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Dokta naye alifurahi, lakini aliendelea kuuliza, na ndipo Zubeda akainamisha kichwa. Alikuwa anatoka damu. Si ile ya kidogo kidogo ambayo miezi ya kwanza huwa nayo. Ilikuja nyingi, inakata siku chache, inarudi nzito zaidi. Alikuwa ameificha kwa kuogopa tutamnyang'anya usingizi wake.

"Kapsuli unameza kila jioni?" Dokta aliuliza.

"Kapsuli zile za usingizi? Niliziacha. Zilikuwa zinanilevya kichwa, na usingizi wangu ulikuwa umesharudi. Nilimupa wifi yangu, yeye pia halali."

Dokta Esta alivua miwani. Nilimjua, alikuwa akivua miwani pale tu jambo linapokuwa zito. Akamweleza polepole kwamba kapsuli ile inalegeza mwili, kweli, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Dawa ya kiraka inanenepesha ukuta wa kizazi, na kapsuli ndiyo inayouzuia. Ukitumia kiraka peke yake, ukuta unakua na kukua, unatoa damu, na mwisho unaweza kugeuka saratani.

Siku hiyohiyo alimfanyia ekografi, ile picha ya tumbo kwa mashine. Ukuta ulikuwa umenenepa. Akachukua kipande kidogo cha nyama ya kizazi kipelekwe Bukavu kikaangaliwe kwa darubini, akasimamisha viraka, akampa dawa ya kukausha damu. Wifi yake tulimwita, tukazichukua zile kapsuli zilizobaki. Alizitoa kwa masikitiko, akasema hajawahi kulala vizuri namna ile.

Kisha tukangoja. Majibu yalitakiwa kurudi na ndege mpaka Kindu, halafu na pikipiki kupitia madaraja ambayo nusu yake ni miti iliyolazwa. Joto likamrudia Zubeda, na zaidi ya joto, woga. Alikuwa anakuja hospitalini kila akitoka shuleni, anakaa kwenye benchi ya nje, hata kama hakuna la kumwambia. Nilikuwa nakaa naye.

"Kama dawa ndiyo imeniletea hii," alisema mara moja, "afadhali ningebaki na joto langu."

"Mwalimu, ukipata nafuu, utasema hivyo tena?"

"Ile miezi nilikuwa miye," alisema. "Nilipokuwa natembea barabarani nilijisikia ni miye natembea. Hiyo nitaitamani hata wakiniambia iko saratani."

Nilishika mkono wake, tukatazama watu wakipita na mizigo ya mawese. Nilimfikiria Mama Asina, ambaye alisema karibu maneno yaleyale akiwa anaondoka, na hakuna aliyekaa naye kwenye benchi.

Majibu yalifika siku ya soko. Dokta aliyasoma akiwa amesimama, akaniita kwa mkono, akanipa niyasome mimi. Hakukuwa na saratani. Tulimtuma mlinzi wa hospitali shuleni, lakini Zubeda alikuwa amemwona mwendesha pikipiki akipita mbele ya darasa lake, akaacha watoto na kuja kwa miguu, chaki bado mkononi. Nilimwambia mlangoni. Alikaa chini palepale kwenye saruji, akajifunika uso kwa mtandio, na Dokta Esta akakaa chini karibu naye na koti lake jeupe.

Alitibiwa mpaka ukuta ukarudi sawa, ndipo akaanza upya, kiraka na kapsuli pamoja, na Bwana Ramazani ndiye aliyekuwa akimkumbusha kapsuli ya jioni. Tangu hapo sikumuuliza tena mwanamke yeyote kama anatumia dawa. Nilimwomba aje nazo, azitandaze mezani, anieleze kwa maneno yake hii ni ya nini na hii ni ya nini. Fanyeni hivyo. Ni kazi ya dakika chache.

Siku moja nilipita karibu na shule yake mchana, saa ambayo watoto wamechoka na bati limewaka. Nikasikia sauti yake kupitia dirishani, anawaimbisha jedwali la saba, wanakosea, anawarudisha mwanzo, wanakosea tena, na yeye anacheka. Nilisimama pale mpaka kengele ikapigwa. Hicho ndicho kipimo alichotupa siku ya kwanza, na nilikisikia kwa masikio yangu.

Si kila kitu kilirudi. Kumbukumbu ya majina ilibaki na mashimo. Ugomvi wake na mama mkwe uliendelea kama zamani, na alipotulalamikia, Dokta alimjibu kwamba kwa ugonjwa huo hakuna sparadra. Hilo nalo ni sehemu ya kupima. Ukitegemea dawa itengeneze nyumba nzima, utasema imeshindwa wakati imefanya kazi yake.

Kisha watu wakaanza kuondoka. Bwana Ramazani alifariki, na Zubeda akaenda kukaa na binti yake Lubumbashi. Dokta Esta aliitwa kurudi Bukavu. Siku ya kuondoka hatukusema mengi. Alisema tu kwamba huko aendako hatapata mtu wa kumletea dawa ya malaria kila akitokwa na jasho. Simu zilikuwepo mwanzoni, halafu namba ikabadilika, na sijui ni nani kati yetu aliyepotea. Mchana, saa ile ya baada ya wagonjwa, bado nachemsha chai inayotosha watu wawili. Nafanya hivyo bila kufikiri, halafu nainywa yote.

Nilistaafu mwaka huu. Mliniimbia, mkanipa kitenge, nawashukuru. Mwezi uliofuata mwanamke mmoja alishuka pikipiki mbele ya nyumba yangu, amejaa vumbi jekundu toka kichwani hadi miguuni. Jina lake Furaha, anapikia wachimba dhahabu huko Salamabila. Alikuwa ameambiwa aniulizie kwa jina.

"Mama Feza, miye naungua," alisema. "Wamenipa dawa ya malaria mpaka nimechoka. Hata moto wa jiko siwezi kuukaribia, na jiko ndiyo kazi yangu."

Nilimpa maji. Nilimkalisha. Vidole vyangu vilikwenda vyenyewe kwenye mkono wake kutafuta mapigo, na maswali yote yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi wangu, moja nyuma ya lingine. Nilitamani kuyauliza kama mtu mwenye kiu anavyotamani maji. Lakini sina tena mashine ya tansio, sina dokta chumba cha pili wa kumpelekea mgonjwa, na hapa ni sebuleni kwangu, kuku wanapita.

"Twende," nikamwambia. "Nakupeleka kwa wenzangu."

Tulitembea pamoja mpaka hospitali. Dada Neema, wewe ndiye uliyekuwa zamu siku ile. Ulinisalimu kwa heshima, ukamshika mgonjwa mkono, ukamkalisha, ukamtazama usoni kabla hujafungua kinywa. Nilibaki nimesimama nyuma yake kwa mazoea, mpaka ukainua macho ukasema taratibu, "Mama, mutatungojea hapo inje kidogo?"

Ulikuwa na haki. Ni siri ya mgonjwa. Nikatoka, nawe ukafunga mlango, nami nikakaa kwenye benchi pamoja na wale wanaongoja. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu alisogea kunipa nafasi, akaniuliza naumwa nini.